Kisanduku Kilichopotea: Somo la Kutafuta Hitilafu katika Programu ya Picha

Ndungu iko chini ya miteremko ya mashariki ya Milima ya Pare ya Kusini, kando ya barabara itokayo Same kupitia Kisiwani na Maore kuelekea Kihurio. Wapare wa milima hii walijifunza tangu kale kuyakusanya maji katika mabwawa madogo yaitwayo ndiva, kisha kuyaongoza kwa mifereji hadi mashambani. Hapo Ndungu penyewe upo mradi wa umwagiliaji wa mpunga wenye ukubwa wa hekta 680, uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, nao hutumia maji ya Mto Yongoma.

Mkulima wa huko akikuta shamba lake kavu asubuhi hatamki mara moja kwamba mto umekauka. Huchukua jembe na kuufuata mfereji hatua kwa hatua. Huanza pale anapojua kuwa maji yapo, akateremka hadi pale yanapokosekana. Kati ya sehemu hizo mbili ndipo ilipo hitilafu: pengine jani la mgomba limeziba njia, pengine jirani amefungua lango lake, pengine ukingo umebomoka. Njia hii ya mkulima ni njia ya kisayansi iliyo kamili, nayo yafaa kutumiwa hata kwenye chombo ambacho babu zake hawakukiona, yaani kompyuta.

Somo hili lahusu hitilafu moja inayowasumbua wengi watumiao programu za kurekebisha picha. Mtu huchagua amri katika menyu, akitazamia kisanduku kifunguke ili aandike vipimo anavyotaka, lakini kisanduku hakionekani. Hakuna ujumbe wa kosa wala dalili nyingine. Wengi hudhani kuwa programu imeharibika. Mara nyingi haijaharibika hata kidogo.

MFANO WA KLABU YA SAYANSI

Uchukuliwe mfano wa klabu ya sayansi katika shule ya sekondari iliyo mahali kama Ndungu. Wanafunzi wamekubaliana na wakulima kupiga picha za mfereji mmoja kila mwezi, tangu mvua za vuli hadi mwisho wa masika, wakisimama mahali palepale kila mara. Ukingoni mwa mfereji wamesimamisha ubao wenye alama za sentimita. Kwa picha hizo wataonyesha jinsi kina cha maji kinavyobadilika na jinsi mchanga unavyojaa chini ya mfereji.

Picha za mwezi wa Aprili zilipigwa wakati wa mafuriko, chini ya wingu zito, nazo ni za giza kiasi kwamba alama za ubao hazisomeki. Mwalimu anawaonyesha wanafunzi jinsi ya kuziangaza kwa programu ya GIMP, akitumia projekta ili darasa zima lione. Kesho yake wanafunzi wawili wanaachwa waendelee na kazi. Wanachagua amri ileile iliyotumiwa jana, lakini kisanduku hakitokei. Wanajaribu mara tatu bila mafanikio. Mmoja ashauri programu iondolewe na kuwekwa upya. Mwingine aona heri kompyuta ipelekwe kwa fundi mjini Same. Taarifa kwa wakulima yatakiwa kesho kutwa.

Hapo pana hatari mbili. Ya kwanza ni kupoteza fedha na siku kwa kutengeneza kitu kisichoharibika. Ya pili ni kubwa zaidi: katika kubonyeza huku na huko kwa wasiwasi, mwanafunzi aweza kuihifadhi picha iliyoharibiwa juu ya ile ya asili. Programu huwekwa tena, lakini mafuriko ya Aprili hayarudi ili yapigwe picha upya.

KISANDUKU CHA MAZUNGUMZO NI NINI?

Kisanduku cha mazungumzo ni dirisha dogo ambalo programu hulifungua inapohitaji kumwuliza mtumiaji jambo, au kumpa nafasi ya kuchagua vipimo. Njia hii ya kuongea na mashine ilienea kutokana na kompyuta za Lisa ya mwaka 1983 na Macintosh ya mwaka 1984. Programu mbili za picha zinazojulikana sana zilijengwa juu ya msingi huo: Photoshop, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1990, na GIMP, iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kutolewa kwa umma mwaka 1996. GIMP hupatikana bila malipo, na kwa sababu hiyo yafaa sana mashuleni.

Visanduku ni vya aina mbili, na tofauti yao ni muhimu katika uchunguzi.

Aina ya kwanza ni kisanduku kinachodai jibu. Kikifunguka, dirisha kuu hufungwa, na programu haitapokea amri nyingine mpaka kisanduku kijibiwe. Mfano ni kile kinachouliza kama picha ihifadhiwe kabla ya kufungwa. Kisanduku cha aina hii kikijificha, programu nzima huonekana kana kwamba imekufa: kila ubonyezapo, husikika mlio tu, au hakuna kinachotokea.

Aina ya pili ni kisanduku kinachosubiri pembeni. Hicho hukaa wazi wakati kazi ikiendelea katika dirisha kuu. Mfano ni kisanduku cha tabaka za picha au cha rangi. Kisanduku cha aina hii kikijificha, programu huendelea kufanya kazi kama kawaida, ila chombo fulani hakionekani.

Kwa hiyo swali la kwanza la mchunguzi ni hili: je, dirisha kuu bado linapokea amri? Likikataa, yaelekea kisanduku kimefunguka na kinangoja jibu mahali kisipoonekana. Likikubali, yafaa sababu itafutwe kwingine. Swali hili moja hupunguza sana eneo la kutafuta, kama vile mkulima anavyotazama kwanza katikati ya mfereji ili ajue kama ziba iko juu yake au chini yake.

RAMANI YA KIOO

Ili kufahamu jinsi kisanduku kinavyoweza kuwa wazi na bado kisionekane, hapana budi kujua jinsi kompyuta inavyopima mahali. Kioo cha kompyuta kimegawanywa katika nukta ndogo sana ziitwazo pikseli. Kioo cha kompyuta nyingi za mkononi kina safu wima 1366 na safu mlalo 768, yaani pikseli 1,049,088 kwa jumla.

Kila mahali hutajwa kwa namba mbili, kama katika somo la majira ya nukta. Tofauti ni kwamba chanzo kiko pembe ya juu kushoto. Namba ya kwanza, x, huongezeka kuelekea kulia. Namba ya pili, y, huongezeka kuelekea chini. Kwa kuwa hesabu huanza na sifuri, safu wima ya mwisho ya kioo hicho ni ya 1365.

Sasa projekta iunganishwe. Ikiwa kompyuta imepangwa irudie picha ileile kwenye projekta, ramani haibadiliki. Lakini ikiwa imepangwa irefushe uwanja wake, projekta huwa ni shamba jipya lililopakana na la kwanza. Projekta yenye pikseli 1024 kwa 768, ikiwekwa upande wa kulia, huchukua safu wima za 1366 hadi 2389. Kisanduku chenye pembe yake ya juu kushoto mahali (1600, 200) kitaonekana ukutani, hakitaonekana katika kioo cha kompyuta. Kimepita safu ya mwisho ya kioo kwa pikseli 235.

Katika mfano wa klabu, mwalimu alizima taa ya projekta baada ya kipindi, lakini hakuchomoa waya. Mara nyingi kompyuta huendelea kuihesabu projekta iliyounganishwa hata kama haiangazi. Kisanduku kilifunguka kila mara amri ilipotolewa, tena mahali pake sahihi. Ila mahali hapo palikuwa ni ukuta usio na mwanga. Maji yalikuwa yakitiririka vizuri, lakini katika shamba jingine.

Yawezekana pia waya ukawa umechomolewa, na bado programu ikakumbuka mahali pa zamani. Programu nyingi huandika majira ya visanduku vyake katika faili ili zivifungue palepale siku inayofuata. Mifumo na programu za sasa aghalabu huchungulia kwanza kama mahali hapo bado pako, na kukirudisha kisanduku ndani ya kioo. Nyingine, hasa za zamani, hazifanyi hivyo.

SABABU NYINGINE ZA KUTOONEKANA

Kisanduku kuwa nje ya kioo ni sababu moja tu. Zipo nyingine, na kila moja ina dalili zake.

Kwanza, kisanduku chaweza kuwa nyuma ya dirisha jingine. Mtumiaji akibonyeza dirisha kubwa kabla kisanduku hakijamaliza kufunguka, dirisha hilo huja mbele na kukifunika. Jambo hili hutokea mara nyingi katika kompyuta zenye kasi ndogo.

Pili, kisanduku chaweza kuwa kikubwa kuliko kioo. Mathalani, kisanduku kimebuniwa kiwe na kimo cha pikseli 500, na mtumiaji amekuza maandishi ya kompyuta hadi asilimia 150 ili yasomeke kwa urahisi. Kimo kitakuwa pikseli 750. Kioo kina 768, lakini ule mstari wa chini wenye alama za programu huchukua, tuseme, pikseli 40. Zinazobaki ni 728. Hata kisanduku kikianza juu kabisa, pikseli 22 za chini zitafichika, na kwa kawaida hapo ndipo vilipo vitufe vya kukubali na kukataa. Mtumiaji huona kisanduku asiweze kukijibu.

Tatu, visanduku vyote vya pembeni vyaweza kuwa vimefichwa kwa makusudi. Katika GIMP na katika Photoshop pia, kitufe cha Tab huvificha kwa pamoja na kuvirudisha kikibonyezwa tena. Nia ni kumpa mtumiaji nafasi ya kuitazama picha nzima. Lakini kidole kikikigusa kwa bahati mbaya, mwanafunzi huona vyombo vyake vyote vimetoweka kwa mara moja. Dalili ya sababu hii ni kwamba havikosekani kimoja au viwili, bali vyote.

Nne, huenda amri iliyotolewa si ile inayofungua kisanduku. Katika GIMP, vitufe vya Ctrl na F pamoja hurudia kichujio cha mwisho kwa vipimo vilevile bila kuuliza chochote. Anayetaka kukiona kisanduku tena yampasa abonyeze Shift, Ctrl na F. Mwanafunzi asiyejua tofauti hiyo hubonyeza Ctrl na F mara nyingi akingoja kisanduku, kumbe kila mara picha yake inachujwa tena. Hii ndiyo sababu ya hatari kuliko zote, maana mtu hudhani hakuna kinachotendeka na huku picha inaharibika.

Tano, picha yenyewe huenda haikubali kazi iliyotakiwa. Picha ya aina ya GIF, kwa mfano, huwa na orodha ya rangi zisizozidi 256, na kila pikseli hubeba namba ya rangi katika orodha hiyo badala ya rangi yenyewe. Vichujio vingi haviwezi kufanya kazi juu ya orodha ya namna hiyo. Katika menyu, amri hizo huandikwa kwa wino hafifu, na kuzibonyeza hakuleti kitu. Dawa yake ni kuibadili picha iwe ya rangi kamili kwa kufuata menyu ya "Image", kisha "Mode", kisha "RGB".

Sita, mtumiaji mwenyewe huenda aliwahi kukiambia kisanduku kisitokee tena. Visanduku vingi vya maonyo vina kijumba cha kutia alama kwa ajili hiyo. Alama hutiwa mara moja, ikasahauliwa; na miezi kadhaa baadaye mtu hushangaa kwamba programu haimwonyi.

Sababu hii ya mwisho yagusa suala la lugha. Maandishi ya visanduku vingi ni ya Kiingereza, na wanafunzi huzoea kubonyeza kitufe cha kwanza wanachokiona bila kusoma. Jitihada za kuziandika programu kwa Kiswahili zimekuwapo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi yenye menyu na visanduku vya Kiswahili. Lakini popote na kwa lugha yoyote, ujumbe wa kisanduku hauna budi kusomwa hadi mwisho. Asiyesoma maswali anayoulizwa hawezi kushangaa kwa majibu aliyoyatoa.

UCHUNGUZI HATUA KWA HATUA

Kanuni kuu ni tatu. Anza na jaribio lisilogharimu kitu wala kuharibu kitu. Badili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Andika kila ulilofanya na kila lililotokea. Anayebadili mambo matano kwa pamoja, hata akifaulu, hajui ni lipi lililomponya.

Hatua ya 1. Iandaliwe nakala ya picha ya asili katika folda nyingine, na uchunguzi wote ufanywe juu ya nakala hiyo.

Hatua ya 2. Amri itolewe mara moja tu, kisha mchunguzi angoje. Atazame kama dirisha kuu linapokea amri au linakataa.

Hatua ya 3. Likikataa, vibonyezwe vitufe vya Alt na Tab ili kuona orodha ya madirisha yaliyo wazi. Ikiwa kisanduku kilikuwa nyuma ya kingine, hapa huenda kikaonekana.

Hatua ya 4. Ikaguliwe kama kuna waya wa projekta au wa kioo cha pili. Katika kompyuta za mfumo wa Windows, kitufe chenye alama ya dirisha kikibonyezwa pamoja na P huonyesha jinsi vioo vilivyopangwa. Ukichaguliwa mpango wa kioo cha kompyuta peke yake, madirisha yaliyokuwa kwenye projekta kwa kawaida hurudi.

Hatua ya 5. Ikiwa kisanduku bado hakijaonekana, amri itolewe tena na mara vibonyezwe vitufe vya Alt na nafasi kwa pamoja, kisha herufi M, kisha mshale mmojawapo. Kuanzia hapo kisanduku hufuata mishale au kipanya, na chaweza kuvutwa mpaka kiingie katika kioo. Kitufe cha Enter hukiweka hapo. Njia hii huhitaji kisanduku kiwe ndicho dirisha lililo tayari kupokea amri. Kwa hiyo asibonyeze mtu dirisha jingine katikati ya kazi.

Hatua ya 6. Ikiwa kisanduku kinaonekana lakini vitufe vyake vimefichika chini, Enter kwa kawaida huwa na maana ya kukubali, na Esc maana ya kukataa. Dawa ya kudumu ni kupunguza ukuzaji wa maandishi.

Hatua ya 7. Ikiwa dirisha kuu lilikuwa likipokea amri tangu mwanzo, kibonyezwe kitufe cha Tab mara moja. Visiporudi vyombo vya pembeni, itazamwe menyu ya "Windows" ya GIMP, ambamo mna orodha ya visanduku vyote pamoja na vile vilivyofungwa karibuni. Katika Photoshop menyu hiyo huitwa "Window".

Hatua ya 8. Iangaliwe amri yenyewe katika menyu. Je, wino wake ni hafifu? Je, picha ni ya rangi kamili? Je, amri iliyotumiwa ni ya kurudia au ya kufungua kisanduku?

Hatua ya 9. Zikishindikana zote, kumbukumbu ya programu irudishwe kama ilivyokuwa mwanzo. Katika GIMP, sehemu ya mapendeleo ihusuyo usimamizi wa madirisha ina kitufe cha kurudisha mahali pa asili pa visanduku. Programu haina budi kufungwa na kufunguliwa tena. Katika Photoshop, mpangilio wa vyombo hurudishwa kwa menyu ya "Window" na "Workspace", na maonyo yaliyozimwa hurudishwa katika sehemu ya jumla ya mapendeleo.

Wanafunzi wa mfano wetu wangepata jibu katika hatua ya 4, kwa muda usiozidi dakika tano.

KWA NINI KUIWEKA PROGRAMU UPYA HAKUSAIDII

Shauri la kuiondoa programu na kuiweka tena husikika kuwa la busara, kumbe aghalabu ni bure. Programu hukaa katika sehemu moja ya diski, na kumbukumbu ya mapendeleo ya mtumiaji hukaa katika sehemu nyingine, ndani ya folda yake mwenyewe. GIMP, kwa mfano, huandika mahali na ukubwa wa madirisha yake katika faili iitwayo sessionrc. Programu ikiondolewa, faili hiyo kwa kawaida hubaki. Programu mpya inapowekwa huisoma faili ileile ya zamani na kurudia kosa lilelile.

Ni sawa na mtu anayebomoa lango la mfereji na kujenga jipya la saruji, hali ziba iko hatua mia moja chini yake. Lango litapendeza, lakini shamba litabaki kavu.

KUILINDA PICHA YA ASILI

Mambo matatu yapaswa kukumbukwa na kila anayetumia programu za picha.

La kwanza ni kwamba kisanduku cha kuhifadhi hutokea tu pale programu inapohitaji kuuliza jina. Faili ikishapewa jina, amri ya kuhifadhi huandika juu ya faili ileile bila kuuliza. Kutoonekana kwa kisanduku hapa si hitilafu, ndivyo ilivyopangwa.

La pili ni kwamba amri ya kutangua, yaani Ctrl na Z, hufaa wakati picha ikiwa bado wazi tu. Ikifungwa, historia yake hufutika.

La tatu ni kwamba picha za JPEG, ambazo ndizo hutolewa na simu na kamera nyingi, hubanwa kwa kuacha baadhi ya habari. Kila inaporekebishwa na kuhifadhiwa tena hupoteza habari nyingine kidogo. Katika picha ya sherehe hasara hiyo huenda isionekane. Katika picha ya ubao wa sentimita, ambao alama zake ndizo vipimo vyenyewe, tofauti kati ya 8 na 3 yaweza kupotea.

Pamoja na hayo, kazi ya sayansi ina wajibu wa ziada. Picha iliyoangazwa ili isomeke ni halali, ilmradi taarifa iseme kwamba imeangazwa na kwa vipimo gani, na picha ya asili ihifadhiwe kwa yeyote atakaye kuhakikisha. Mkulima atakayesoma taarifa ya klabu ataamua kwa taarifa hiyo ni lini mfereji usafishwe. Yampasa apewe ukweli.

JARIBIO LA DARASANI

Jaribio hili halihitaji kompyuta wala umeme. Vinatakiwa karatasi mbili za mraba, mkasi na kipande cha karatasi ya rangi.

Karatasi ya kwanza iwe kioo cha kompyuta: ichorwe upana wa miraba 14 na kimo cha miraba 8, kila mraba ukiwa ni pikseli 100. Karatasi ya pili iwe projekta: upana wa miraba 10 na kimo cha miraba 8. Ziwekwe pamoja, ya pili upande wa kulia. Kipande cha rangi, chenye upana wa miraba 4 na kimo cha miraba 3, kiwe kisanduku.

Mwanafunzi mmoja akiweke kisanduku popote na kuandika majira ya pembe yake ya juu kushoto. Kisha karatasi ya pili iondolewe. Mwanafunzi wa pili, ambaye hakuwa ameona, apewe majira tu, aseme kama kisanduku kinaonekana chote, nusu, au hakionekani kabisa, na akisogeze kwa hesabu mpaka kiingie. Baadaye karatasi ya pili iwekwe upande wa kushoto, na darasa lijadili kwa nini sasa zahitajika namba hasi.

MASWALI

1. Eleza tofauti kati ya kisanduku kinachodai jibu na kisanduku kinachosubiri pembeni. Toa mfano mmoja wa kila aina.

2. Kioo kina upana wa pikseli 1366. Projekta yenye upana wa pikseli 1280 imewekwa kulia kwake. Kisanduku chenye upana wa pikseli 400 kimeanzia safu wima ya 1500. (a) Je, chote kiko katika projekta? (b) Kisogezwe kushoto pikseli ngapi angalau ili kiingie chote katika kioo?

3. Projekta yenye upana wa pikseli 1024 imewekwa kushoto. Kisanduku chenye upana wa pikseli 300 kimeanzia safu wima ya −200. Projekta ikiondolewa na kisanduku kisisogee, ni sehemu gani yake itakayoonekana?

4. Mwanafunzi amebonyeza Ctrl na F mara tatu katika GIMP, akingoja kisanduku. Picha yake imepatwa na nini? Afanye nini kabla ya kuifunga?

5. Chagua chombo kimoja cha nyumbani au shuleni, kama baiskeli, redio au pampu ya maji. Andika hatua tano za kutafuta hitilafu yake, ukianza na isiyogharimu kitu.

Majibu ya hesabu: 2 (a) Ndiyo, kimechukua safu za 1500 hadi 1899, na projekta yaishia safu ya 2645. (b) Pikseli 534. 3. Theluthi moja, yaani safu 100 za upande wake wa kulia.